Mvuvi, Safari ya Ziwani Huanzia Nchi Kavu

Jembe la mkulima likivunjika shambani, mkulima huliweka begani akarudi nyumbani kwa miguu. Gari la dereva likizimika njiani, dereva hushuka, akakaa chini ya mti, akangoja msaada. Lakini mvuvi hana mti wa kukaa chini yake. Mashine yake ikizimika katikati ya ziwa, pande zote ni maji. Upepo ndio utakaoamua aende wapi.

Kwa hiyo mwezi huu tunazungumza mambo mawili pamoja. La kwanza ni kuvua sangara kwa ndoano katika Ziwa Viktoria. La pili ni kutunza mtumbwi, mashine na vifaa vya uvuvi. Mambo haya hayatengani. Ukipata samaki wengi, na chombo kisikufikishe mwaloni, faida yako iko wapi?

Hata kama wewe huendi ziwani, soma. Pengine mtumbwi ni wako na wengine ndio wanaoutumia. Pengine mume wako, mwanao au kaka yako ni mvuvi. Kazi nyingi tutakazozieleza hufanyika nchi kavu. Wewe pia unaweza kuzisimamia.

ZIWA LETU NI KUBWA

Ziwa Viktoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 68,000. Kutoka kaskazini hadi kusini ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka mashariki hadi magharibi ni zaidi ya kilomita 200. Mahali penye kina kirefu zaidi ni karibu mita 80. Nchi tatu zinalimiliki ziwa hili: Tanzania, Uganda na Kenya.

Mtu aliyesimama Bukoba akatazama maji haoni ng'ambo. Ziwa la namna hii lina mawimbi makubwa kama bahari. Mtumbwi uliosukumwa na upepo usiku kucha unaweza kuamkia mbali sana na kwao.

Sangara hakuwako katika ziwa hili zamani. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima. Ni samaki mla samaki. Hula furu, dagaa, kamba wadogo, na hata watoto wa sangara wenzake. Anaweza kukua mpaka akapita urefu wa mtu, na uzito wake ukapita kilo 100. Lakini sangara wakubwa namna hiyo siku hizi ni wachache, kwa sababu wengi huvuliwa kabla hawajakua.

NJIA TATU ZA KUVUA KWA NDOANO

Wavuvi wengi hutumia nyavu. Lakini ndoano nayo ni njia nzuri, kwa sababu haikokoti matope wala haiharibu mazalia ya samaki kama kokoro. Ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni migonzo. Hii ni kamba ndefu yenye ndoano nyingi, na kila ndoano ina uzi wake mfupi na chambo chake. Wavuvi huitega jioni na kuitegua asubuhi. Chambo huwa ni furu, kambare wadogo, au samaki wengine wadogo. Chambo kilicho hai huvuta sangara zaidi.

Njia ya pili ni mshipi wa mkono. Mvuvi husimamisha mtumbwi, hushusha ndoano yenye chambo, na husubiri akiwa ameshika mshipi.

Njia ya tatu ni kukokota ndoano. Mtumbwi hutembea polepole na ndoano hufuata nyuma. Mbele ya ndoano huwekwa samaki wa bandia, aliyetengenezwa kwa mti, plastiki au bati linalong'aa. Anapokokotwa, samaki huyo huchezacheza kama samaki mdogo aliyeumia. Sangara akimwona humrukia. Njia hii hutumiwa na wageni wanaovua kwa kujifurahisha huko Rubondo, kisiwa ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Hata mvuvi wa kawaida anaweza kuitumia anapotoka mwaloni au anaporudi.

JINSI YA KUKOKOTA NDOANO

Ukitaka kukokota ndoano, fuata mambo haya.

Kwanza, chagua mahali. Sangara hupenda kuvizia karibu na miamba iliyo chini ya maji, kwenye ncha za visiwa, na mahali ambapo kina kinabadilika ghafula. Pita kando ya mahali hapo. Usipite juu yake.

Pili, pima mwendo. Uwe kama mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Ukienda mbio sana, samaki wa bandia hupanda juu ya maji na kuzunguka kama tiara. Ukienda polepole mno, huzama na kunasa kwenye mawe.

Tatu, acha mshipi uwe mrefu. Mita 30 mpaka 50 nyuma ya mtumbwi zinatosha. Sangara huogopa sauti ya mashine ikiwa karibu.

Nne, usipige kona kali. Mtumbwi ukigeuka ghafula, mshipi hulegea na kuingia kwenye propela, yaani lile panga linalosukuma maji. Geuka kwa duara kubwa.

Tano, samaki akinasa, punguza mwendo, kisha uweke gia huru. Mtu mmoja avute mshipi, mwingine ashike usukani. Usiuzungushe mshipi mkononi. Sangara mkubwa akivuta, mshipi hukata vidole.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mshipi ukiingia kwenye propela, usiseme tu kwamba umeukata na kazi imekwisha. Vipande vyake huweza kubaki vimejizungusha kwenye chuma kinachobeba propela. Vipande hivyo husaga mpira unaozuia maji yasiingie ndani ya gia. Mpira ukiisha, maji huingia, oili hutoka, na gia husagika. Fungua propela, toa uzi wote, kisha uirudishe. Kazi hiyo ni ya nusu saa tu. Gia mpya ni fedha nyingi.

TUNZA NDOANO NA MISHIPI

Ukirudi mwaloni, osha ndoano na mishipi kwa maji safi. Anika kivulini. Jua kali hudhoofisha mshipi wa nailoni. Pitisha mshipi katikati ya vidole polepole. Ukisikia mahali palipokwaruzika, pakate ufunge upya.

Noa ndoano kwa tupa. Jaribu ncha yake kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, bado ni butu. Ikishika, ni kali. Ndoano yenye kutu itupe shimoni. Usiitupe mchangani ambapo watoto hupita bila viatu.

Migonzo ipange ndani ya beseni au sanduku. Kamba iweke katikati kwa mzunguko, na ndoano zipange ukingoni kwa mstari. Ukiirundika ovyo, utaifungua usiku ziwani huku mtumbwi ukiyumba, na hapo ndipo ndoano huingia mkononi.

Angalia pia namba ya ndoano. Katika ndoano zinazouzwa kwa kawaida huko ziwani, namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Ndoano ndogo hunasa sangara wadogo. Sheria za uvuvi za Tanzania haziruhusu kuvua sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50. Sangara huyo hajapata nafasi ya kuzaa. Ukimwacha akue, utamvua akiwa na kilo nyingi, na tayari atakuwa amekuachia watoto.

MTUMBWI WENYEWE

Mtumbwi wa mbao huharibika polepole, na huonyesha dalili mapema. Mvuvi hodari huziona dalili hizo.

Kila siku, baada ya kushusha samaki, osha mtumbwi ndani. Damu na mabaki ya samaki huozesha mbao. Toa maji yote. Kisha angalia maji yanaingilia wapi. Weka alama kwa mkaa mahali hapo, ili fundi apaone mtumbwi utakapokauka.

Kila baada ya miezi michache, pandisha mtumbwi nchi kavu. Utegemeze juu ya magogo na uuache ukauke vizuri. Usiuburure juu ya mawe. Tumia magogo ya mviringo na watu wa kutosha. Mtumbwi ukiwa mkavu, fanya kazi hizi:

Gonga mbao kwa kitako cha kisu. Ubao mzima hulia kwa sauti kavu. Ubao uliooza hutoa sauti ya chini, na kisu huingia bila nguvu. Ubao uliooza hauzibiki. Ubadilishe.

Toa pamba kuukuu kwenye maungio ya mbao. Shindilia pamba mpya, kisha uzibe juu yake. Pamba isiyoshindiliwa vizuri hung'olewa na mawimbi.

Tazama misumari. Msumari wenye kutu hupanua tundu lake, na ubao hulegea. Tumia misumari isiyoshika kutu.

Angalia sana ubao wa nyuma unaobeba mashine. Ubao huu hubeba uzito wa mashine na nguvu zake zote. Ukipasuka, mashine hutumbukia ziwani. Kaza skrubu za mashine kabla ya kila safari. Pia funga mashine kwa mnyororo au kamba imara kwenye mbavu za mtumbwi. Skrubu zikilegea, kamba itaiokoa.

Kisha paka rangi. Rangi si pambo. Ni koti la mvua la mtumbwi.

MASHINE YA MTUMBWI

Wapo watu wanaoiogopa mashine, wanaiachia fundi kila kitu. Wapo wengine wanaoidharau, wanaifungua kila siku bila sababu. Wote wanakosea. Yapo mambo ambayo mvuvi mwenyewe anaweza kuyafanya, na yapo mambo ya fundi. Haya ni ya mvuvi.

Maji ya kupoza. Mashine hupozwa na maji ya ziwa. Huyanyonya kwa chini, huyazungusha ndani, kisha huyatoa. Mashine ikiwaka, utaona maji yakitoka nyuma kama mkojo wa mtoto. Ndiyo dalili kwamba inapoa. Usipoyaona, zima mara moja. Pengine magugu maji au mfuko wa plastiki umeziba tundu la kunyonyea. Inua mashine, ondoa takataka, ujaribu tena. Usiwashe mashine nchi kavu bila maji, hata kwa dakika moja. Ndani yake mna pampu yenye panga la mpira. Panga hilo likizunguka bila maji huungua.

Watu wengine husema kwamba maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo mashine haihitaji kuoshwa. Si kweli. Maji ya ziwa yana mchanga na matope, hasa karibu na ufuko. Mara kwa mara tumbukiza sehemu ya chini ya mashine katika pipa la maji safi, uiwashe kwa dakika chache ili ijisafishe.

Plagi. Fungua plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia kama majani makavu, mashine inaunguza mafuta vizuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, pengine oili ni nyingi mno. Ikiwa nyeupe kama majivu, mashine inapata joto kupita kiasi, na oili huenda ni kidogo. Isafishe kwa brashi na uikaushe. Ikiwa imechakaa, weka mpya.

Oili ya gia. Chini ya mashine, karibu na propela, kuna oili ya gia. Vitabu vingi vya mashine hizi husema ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi, au kila miezi 6. Ukiitoa, itazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Usiende ziwani. Mwite fundi abadilishe mipira.

Petroli. Ichuje kwa chujio au kitambaa safi unapoimimina. Maji na mchanga ndani ya petroli huzima mashine mara nyingi sana. Usivute sigara wala usisogeze taa ya moto karibu na petroli.

HESABU YA PETROLI NA OILI

Mashine nyingi za mitumbwi hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Oili ikipungua, mashine huungua. Oili ikizidi, plagi huchafuka na mashine hutoa moshi mwingi. Usikisie kwa macho. Pima.

Soma kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za siku hizi, zikishazoea kazi, hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Mashine mpya, na baadhi ya mashine za zamani, hutaka oili zaidi ya hapo. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, hesabu ni hii:

Petroli lita 5, oili mililita 100.
Petroli lita 10, oili mililita 200.
Petroli lita 20, oili mililita 400.
Petroli lita 25, oili mililita 500, yaani nusu lita.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Igawe sehemu 5 zilizo sawa, uweke alama kwa wino usiofutika. Kila alama itakuwa mililita 100. Sasa una kipimo chako. Kiandike "OILI", ili mtu asije akakinywea maji.

Kuna hesabu nyingine ya petroli. Gawa mafuta yako mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kwenda. Fungu la pili ni la kurudi. Fungu la tatu ni la upepo. Ukirudi dhidi ya upepo na mawimbi, mashine hunywa zaidi. Fungu la kwanza likiisha, geuka, hata kama samaki bado wanakula.

MASHINE IKIKATAA ZIWANI

Usianze kuvuta kamba ya kuwashia kwa hasira. Kaa. Fikiri. Fuata mpango huu.

Je, petroli imo ndani ya tangi? Je, skrubu ya hewa kwenye kifuniko imefunguliwa? Hewa isipoingia, petroli haitoki. Je, mpira wa mafuta umekanyagwa au umejikunja?

Kama petroli inafika, fungua plagi. Ikaushe au weka mpya. Funga, kisha ujaribu.

Kama mashine inaunguruma lakini mtumbwi hauendi, tazama propela. Katika mashine ndogo, propela imeshikwa na pini. Propela ikigonga jiwe, pini hukatika ili gia isivunjike. Weka pini nyingine.

Sasa unaona kwa nini ni lazima uwe na vifaa hivi ndani ya ndoo yenye kifuniko: spana ya plagi, plagi mpya, pini mbili, koleo, bisibisi, kisu, waya, kitambaa kikavu, na kamba ya ziada ya kuwashia. Ndoo hii isiazimwe mtu.

Mashine isipowaka kabisa, makasia ni mkombozi wako. Usiyaache nyumbani eti una mashine. Kama kina kinaruhusu, tia nanga ili upepo usikupeleke mbali. Kama kina ni kirefu, funga ndoo au tanga kwenye kamba, ulitupe majini kutoka mbele ya mtumbwi. Litavuta maji na kuufanya mtumbwi uelekeze uso wake kwenye mawimbi. Mtumbwi uliokaa ubavu kwa mawimbi hupinduka upesi.

Na ukipinduka, usiuache. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji. Ushikilie. Anayeogelea kutafuta ufuko huchoka haraka kuliko anavyodhani, na mtu aliye peke yake majini haonekani kwa urahisi. Kila mtu ndani ya mtumbwi avae jaketi okozi tangu anapoondoka. Jaketi lililofungwa chini ya nyavu halimsaidii mtu.

JUA TABIA YA HEWA

Katika nchi kavu tumezoea kuona mvua za radi alasiri. Ziwani ni tofauti. Dhoruba nyingi hupiga usiku na alfajiri. Sababu yake ni hii. Mchana nchi kavu hupata joto, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto. Basi upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji, hewa hupanda, na mawingu makubwa ya radi hujengeka. Wakati huo ndio wavuvi wa migonzo na wa dagaa wako kazini.

Kwa hiyo sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni kabla ya kuondoka. Ukiona wingu jeusi, umeme, au upepo unaoacha ghafula na kurudi kwa baridi, usingoje kutegua ndoano zote. Migonzo hununuliwa. Roho hainunuliwi.

DAFTARI NI KIFAA CHA UVUVI

Ndugu msomaji, tumetaja plagi, pini, makasia na jaketi. Kimebaki kifaa kimoja. Bei yake ni ndogo kuliko vyote, na sasa unajua kukitumia. Kifaa hicho ni daftari na kalamu.

Kwa nini oili ya gia haibadilishwi kwa wakati? Si kwa sababu wavuvi ni wavivu. Ni kwa sababu hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini. Mmoja husema mwezi uliopita. Mwingine husema kabla ya mavuno. Mwenye mtumbwi hadhani kama ilibadilishwa kabisa. Daftari halibishani na mtu.

Andika namna hii:

Tarehe 3. Saa za mashine: 6. Petroli lita 20. Oili mililita 400.
Tarehe 4. Saa za mashine: 6. Petroli lita 20. Oili mililita 400. Plagi imesafishwa.
Tarehe 5. Hatukwenda. Upepo. Tumeziba mtumbwi upande wa kushoto.

Ikiwa kila safari ni saa 6, baada ya safari 17 utakuwa umefikisha saa 102. Basi siku ya kubadilisha oili ya gia imefika. Daftari limekuambia.

Andika pia akiba ya matengenezo. Tuseme mnaweka shilingi 5,000 kila safari kabla ya kugawana. Mkienda mara 20 kwa mwezi, mtakuwa na shilingi 100,000. Mashine ikihitaji mpira au plagi, hamtakopa kwa mnunuzi wa samaki. Mvuvi aliyekopa kwa mnunuzi hapangi bei ya samaki wake.

Daftari la pili likae mwaloni, kwa kikundi cha kusimamia uvuvi au kwa mtu mnayemwamini. Kila mtumbwi unapotoka, mtu aandike: jina la mtumbwi, idadi ya watu, wameelekea wapi, na wanatarajia kurudi saa ngapi. Wakirudi, atie alama. Saa ikipita na alama haipo, watu wataanza kutafuta, na watajua watafute upande gani. Bila daftari, mara nyingi watu hugundua kwamba mtumbwi haukurudi wakati jua limekwisha kuwa juu, na hakuna anayejua ulikwenda upande gani.

Kama wewe ni mama uliyejifunza kusoma na kuandika, na mumeo ni mvuvi ambaye bado hajajifunza, kazi hii unaiweza. Mwulize anaporudi: mashine imefanya kazi saa ngapi? Maji ya kupoza yalitoka vizuri? Kisha uandike. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Ukiona jambo lisilo sawa, mpelekeeni fundi mapema. Kwa mambo ya sheria na ndoano, Afisa Uvuvi wa eneo lenu atawaeleza.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua kwamba ufa wa mtumbwi haungoji ukuta. Zibeni mapema, zibeni nchi kavu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtumbwi wenu una makasia mangapi leo? Yako wapi?
2. Oili ya gia ya mashine yenu ilibadilishwa tarehe ngapi? Nani ameandika?
3. Petroli lita 15 inahitaji oili kiasi gani, kwa kipimo cha 1 kwa 50?
4. Mtumbwi usiporudi kwa wakati katika mwalo wenu, nani atakuwa wa kwanza kujua? Atajuaje?

Someni maswali haya pamoja, mwaloni au darasani. Jibu la swali la 3 ni mililita 300. Majibu ya maswali mengine yako kwenu.